Miti Mirefu ya Wavuvi wa Groix



Wengi wenu mliozaliwa pwani mwajua kurambaza: ngalawa yaenda mbio kwa tanga, na nyuma yake waburutwa mshipi wenye ndoana na chambo, hata nguru au jodari aurukie. Mwajua pia taabu yake. Mshipi mmoja ni raha, miwili yavumilika. Lakini ukitupa wa tatu na wa nne kutoka tezi, chombo kikigeuka tu, yote huwa fundo moja. Leo nitawaeleza jinsi watu wa nchi nyingine walivyoishinda taabu hiyo, na mambo yaliyowapata.

Groix ni kisiwa kidogo, nacho kiko mbele ya bandari ya Lorient, katika Bretagne, upande wa magharibi wa Ufaransa. Tangu miaka ya 1870 hata karibu na vita vya 1939, kisiwa hicho kilikuwa bandari kuu ya Ufaransa kwa uvuvi wa jodari. Juu ya mnara wa kanisa, mahali ambapo Wafaransa huweka jogoo wa kuonyesha upepo, watu wa Groix waliweka sanamu ya jodari.

Vyombo vyao vilikuwa vya milingoti miwili. Kila ubavuni, karibu na mlingoti mkubwa, palifungwa mti mmoja mrefu, yapata mita 15 au zaidi. Bandarini miti hiyo ilisimamishwa wima; baharini ililazwa nje, huku na huku, mfano wa pembe za panzi. Kila mti ulichukua mishipi sita au saba, na mingine michache ilifungwa tezi. Wa nchani ndio uliokuwa mrefu kuliko yote, na kila uliofuata ulikuwa mfupi kidogo, ili ndoana zisikutane.

Hapo mtu atauliza: samaki akishika mshipi ulio mbali vile, nani atamfikia? Kila mshipi ulifungiwa kamba ndogo iliyorudi chomboni. Baharia aliivuta kamba hiyo, nayo ikamletea mshipi mkononi, wala mti haukuguswa. Kwa maoni yangu hiyo kamba ndogo ndiyo akili yenyewe ya kazi. Mti mrefu kila mtu aweza kuukata. Chambo chao hakikuwa samaki, bali singa za farasi au maganda ya muhindi, yaliyofungwa juu ya ndoana yenye ncha mbili, laini, isiyo na kijino. Samaki hakuponyoka, maana chombo hakikusimama na mshipi haukulegea.

Walakini walikuwa watumwa wa upepo. Upepo ukitulia, mishipi ilizama na jodari hakukitazama chambo. Tena jodari waliyemtaka, yule mwenye mapezi marefu ya ubavuni, hukaa bahari kuu, nao walimfuata wakati wa kiangazi chao kwa safari za majuma mawili, matatu. Barafu hawakuwa nayo. Samaki walitolewa matumbo, wakatundikwa kwa mikia sitahani wapate hewa. Siku za joto zisizo na upepo, shehena nzima iliweza kuoza kabla ya kufika kwenye viwanda vya kutia samaki makoponi. Na kwa kuwa baharia alilipwa fungu lake katika mauzo, kuoza kwa samaki kulikuwa njaa nyumbani kwake. Basi nahodha alipima kila siku: nirudi na hawa nilio nao, au ningoje wengine, na hawa waharibike?

Mwezi wa Septemba 1930, vyombo vingi vikiwa mbali na nchi kavu, tufani kubwa iliwakuta. Mabaharia zaidi ya 200 wa pwani ya Bretagne walikufa, wakaacha wajane na mayatima katika vijiji vingi, si Groix peke yake.

Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 mitambo iliingia, na matanga yakaachwa. Miti haikuachwa, vyombo vya mitambo navyo viliichukua. Hata kwetu yaonekana. Mkiona huko Malindi au Watamu mashua za wageni watafutao sulisuli kwa anasa, zenye miti miwili mirefu huku na huku, kazi yake ni ile ile ya Groix: kuitenga mishipi.