Mbwa Katika Safari ya Motokaa

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za mbwa. Si mbwa wa kuwindia, wala si yule alalaye mlangoni, bali mbwa apandishwaye motokaa kwenda safari ya mbali. Yamkini wengine watacheka na kuuliza, Je, mbwa naye ana safari? Anayo. Sisi walimu twazijua sana habari za kuhamishwa. Leo u pwani, kesho barua yaja, nawe huna budi kufunga mizigo kwenda Iringa. Vitanda hupakiwa, kuku hutiwa katika tenga, na watoto husimama uani wakiuliza, "Na Simba je?" Simba ni mbwa wao. Hapo baba hushika kamba iliyo karibu, humfunga mbwa shingoni, humpandisha juu ya mizigo, akaona kazi imekwisha.

Kazi haijakwisha. Kamba ile ikiwa ndefu, lori likipinda kwa ghafula mbwa huweza kuteleza nje ya ubavu wa gari, akaning'inia kwa shingo yake, na dereva asijue lolote mpaka asimame. Kwa hiyo mbwa asipandishwe juu ya mizigo hata kidogo. Mahali pake ni ndani, pamoja na watu wake. Lililo bora ni tundu imara, lililofungwa lisiserereke, lenye nafasi ya kutosha mbwa asimame, ageuke na kujilaza. Tundu likikosekana, avishwe mikanda ya kifuani, ile ishikayo mabega na kifua, kisha ifungwe kwa mkanda wa kiti cha nyuma. Asifungwe kwa ukanda wa shingoni, maana breki zikikamatwa kwa nguvu, uzito wote wa mwili huangukia koo. Wala asikae kiti cha mbele, mahali penye mfuko wa hewa ufumukao wakati wa ajali, kwa kuwa mfuko huo ulifanyizwa kwa ajili ya mtu mzima, nao huweza kumuua mbwa. Na kumpakata dereva akiwa ameshika usukani, hilo tusilizungumze.

Sasa habari za hofu. Mbwa hajui ya kuwa motokaa ni chombo cha kumfikisha mahali. Aonacho yeye ni chumba kinachotetemeka na kunuka petroli, na nchi yote yakimbia dirishani. Basi afundishwe mapema, siku kumi au zaidi kabla ya safari. Siku ya kwanza apandishwe gari likiwa kimya, apewe kipande cha nyama, ashushwe. Siku nyingine injini iwashwe, gari lisiondoke. Akiisha kuzoea, apelekwe mpaka sokoni na kurudi; kisha mbali zaidi. Asiyekuwa na gari lake aombe kwa dereva aliyemkodi robo saa ya jioni moja au mbili. Afadhali hivyo kuliko mbwa kuliona gari mara ya kwanza siku ya kuhama. Na katika mafundisho hayo asipigwe. Mbwa apigwaye garini hujifunza jambo moja tu, ya kuwa gari ni mahali pa kupigwa.

Twaweza kuijua hofu yake kwa kumtazama. Hupiga miayo bila usingizi, hulamba midomo, hutetemeka, hutokwa na udenda. Udenda huo huweza pia kuwa ni dalili ya kichefuchefu, kwani mbwa hulevywa na gari kama watu, na watoto wa mbwa zaidi, kwa sababu viungo vya ndani ya sikio vinavyoshika mizani ya mwili havijakomaa bado. Kwa hiyo asilishwe katika saa tatu au nne za mwisho kabla ya kuondoka. Maji apewe, kidogo kidogo. Dawa za watu asipewe, hata ile ya maumivu iliyo katika kila nyumba; akihitaji dawa, bwana mifugo ndiye atakayemchagulia. Huyo huyo aulizwe pia habari za chanjo ya kichaa cha mbwa, na kama hapana budi kupata kibali cha kumpeleka mbwa wilaya nyingine.

Njia ya Dar es Salaam mpaka Iringa yapata kilomita 500. Aondokaye saa kumi usiku hupita Chalinze mapema na kufika Morogoro kabla jua halijakali. Asimame hapo, mbwa ashushwe akiwa amefungwa kamba, anywe, ajisaidie, anyoshe miguu. Watu nao watataka chai. Na hapa ndipo penye hatari kuu kuliko zote, nayo ni kusema, "Mwacheni garini, twarudi sasa hivi."

Motokaa iliyofungwa juani ni tanuri. Joto la nje likiwa digrii 24 tu, la ndani huweza kufika 34 kwa dakika 10, na 43 kwa nusu saa. Na nchi zetu za chini mara nyingi zina digrii 30 hata kabla ya adhuhuri. Kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu. Mtu hutoka jasho mwili mzima, lakini mbwa hutegemea kutweta, ulimi nje. Hewa ya garini ikiwa moto, kutweta kwake ni bure. Mwili wake wa kawaida una digrii 38 au 39. Ukizidi 41 yu katika hatari ya kufa. Mbwa wa uso bapa na pua fupi huzidiwa mapema zaidi. Hata Laika, mbwa aliyepelekwa na Warusi kuizunguka dunia tarehe 3 Novemba 1957, hakufa kwa sababu ya mbingu. Hakukuwa na mpango wa kumrudisha, lakini mwaka 2002 mtaalamu mmoja wa Kirusi alieleza ya kuwa aliyemuua ni joto na hofu katika chombo kile, saa chache tu baada ya kuondoka.

Mkimwona mbwa ametweta pasipo kukoma, akipepesuka, ufizi umekuwa mwekundu mno, mpelekeni kivulini mara moja. Mmwagieni maji ya baridi mwilini, mpepeeni, mpeni anywe kidogo kwa hiari yake, mkamtafute bwana mifugo. Msimfunike nguo iliyoloa, maana hulifungia joto ndani.

Kupita Morogoro, barabara hukata mbuga ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50. Hapo mbwa asishushwe kwa sababu yoyote. Ni nchi ya simba wa kweli na nyani wengi, tena mbwa hawaruhusiwi mbugani. Vioo vipandishwe, kwa kuwa mbung'o, waitwao pia ndorobo, huleta nagana, na ugonjwa huo huua mbwa. Baadaye ni mlima Kitonga na kona zake. Dereva aende polepole, na aliyeketi nyuma awe na matambara tayari.

Wale wasafirio pamoja na wengine wawaombe ruhusa kwanza. Jirani yako ambaye kwake mate ya mbwa ni najisi asilazimishwe kuketi naye goti kwa goti. Tundu na shuka la zamani huondoa ugomvi mwingi.

Mkifika, msimfungulie. Mbwa mgeni hutoroka akitafuta njia ya kurudi kwao, na kwao ni mbali. Mtembezeni kwa kamba kuzunguka nyumba mpya, mpeni chakula katika bakuli lile lile la zamani, na usiku wa kwanza alale ndani, mlango umefungwa.