Mizani ya Wachimba Makaa



Katika migodi ya makaa ya mawe ya Durham na Northumberland, nchini Uingereza, mchimbaji alilipwa kwa kadiri ya makaa aliyoyatoa chini. Lakini mpimaji alikuwa mtu wa tajiri. Kigari kilichodaiwa kupungua, au kuwa na mawe mengi, hakikulipiwa kitu. Mwanachama aliyewahi kupeleka pamba ghalani anaujua uchungu huo.

Mwaka 1844 wachimbaji waligoma. Wenye migodi wakawatoa wao na watoto wao katika nyumba za migodi, wakaleta wafanyakazi wa kutoka mbali. Baada ya miezi kadhaa njaa ikawarudisha kazini.

Hata hivyo dai la mizani halikufa. Sheria ya 1860 iliwaruhusu kumchagua mwenzao asimame penye mizani, nao wamlipe wenyewe. Sheria hiyo ilikuwa na tundu: mteule alipaswa kuwa mwajiriwa wa mgodi uleule, basi tajiri aliweza kumwachisha kazi, na uteule ukaishia hapo. Tundu hilo lilizibwa mwaka 1887.

Wengi wa wasimamizi hao wa mizani walikuja kuwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Mshahara wao ulitoka kwa wachimbaji, wala tajiri hakuweza kuukata walipomsema mkutanoni.