Ginger Baker, kwa Vinywa vya Waliogombana Naye



Kwenye misiba yetu kuna karatasi inayosomwa kabla ya maziko: wasifu wa marehemu. Ukizisikiliza nyingi utadhani dunia hii haijawahi kufiwa na mkorofi hata mmoja. Wote walikuwa wacheshi, wote walipenda watu. Leo namkumbuka marehemu ambaye wasifu wa namna hiyo ungewachekesha waombolezaji wake. Ni Peter Edward Baker, aliyeitwa Ginger kwa sababu ya nywele zake nyekundu, mpiga dramu wa bendi ya Cream. Alifariki huko kwao Uingereza tarehe 6 Oktoba 2019, akiwa na miaka 80.

Simfahamu mwanamuziki mwingine wa roki aliyesemwa vibaya kiasi hicho na wenzake, na hao hao wakamsifu kiasi hicho, tena bila hata kumeza mate.

Msikilize Eric Clapton, mpiga gitaa wa Cream. Anasimulia kwamba mwaka 1966 Baker alimpa lifti, na njiani akamwambia waanzishe bendi. Clapton akakubali, ila kwa sharti moja: gitaa la besi apige Jack Bruce. Baker nusura aliangushe gari. Clapton hakujua alichokigusa. Baker na Bruce walikuwa wamekaa bendi moja, ya Graham Bond, wakapigana mpaka jukwaani. Baker akamfukuza Bruce kazi. Bruce naye akakataa kufukuzika, akawa anakuja tu kwenye maonyesho, hadi siku Baker alipomtolea kisu. Huyo ndiye aliyebidi afuatwe nyumbani kwake akaombwe. Na Baker alikwenda, kwa sababu chuki yake yote haikumzuia kujua kwamba Bruce ni fundi.

Cream ikadumu kama miaka miwili na ushee, ikaagana na mashabiki ukumbi wa Royal Albert Hall, London, Novemba 1968. Walirudi ukumbi huo huo Mei 2005, wazee sasa, watu wakafurahi. Miezi michache baadaye, New York, Baker na Bruce wakazozana tena jukwaani. Clapton akaona yametosha.

Yupo na Charlie Watts, mtu mpole kuliko wote katika kazi hii. Mwaka 1962 Watts alikuwa akipiga dramu katika bendi ya Alexis Korner. Alipomsikia Baker, aliinuka mwenyewe akampisha kiti. Watts huyo baadaye aliipigia Rolling Stones kwa karibu miaka 60, kwa hiyo hatuzungumzii mwanagenzi.

Alisikia nini? Baker alipenda kujiita mtu wa jazi, na wakimwita wa roki alinuna. Aliweka ngoma mbili kubwa za miguu, akazipiga miguu yote miwili huku mikono ikisema jambo jingine, na mwendo haukutetereka. Mwalimu wake, Phil Seamen, alikuwa amemsikilizisha santuri za ngoma za Afrika akiwa bado kijana, na sikio lake halikurudi tena Ulaya moja kwa moja.

Na ukorofi? Baba yake aliuawa vitani mwaka 1943, mtoto akiwa na miaka minne. Alimwachia barua ya kufungua akifikisha miaka 14, yenye wosia kwamba ngumi zake ndizo rafiki zake wa kweli. Sitaki kumtafutia udhuru. Yatima ni wengi na hawatoi visu. Lakini mtu anayepewa ushauri huo na marehemu baba yake atamwuliza nani kama ni sahihi?

Mwaka 1971 alipanda Range Rover, akakata jangwa la Sahara mpaka Lagos. Wazungu wengi wa muziki wamekuja Afrika wiki mbili, wakapiga picha na ngoma, wakaondoka. Baker alijenga studio Ikeja, huko huko Lagos. Alipiga na Fela Kuti, na albamu yao, Live!, ikatoka mwaka huo huo wa 1971. Aliketi kando ya Tony Allen, mpiga dramu wa Fela, bila kujifanya mwalimu. Mwaka 1978, kwenye tamasha la jazi la Berlin, wawili hao walipiga dramu zao kwa kujibizana, na ukisikiliza rekodi ile hutasikia mgeni na mwenyeji. Nigeria ndiko pia alikoanza kupenda polo. Farasi, nadhani, ndio viumbe pekee waliowahi kumvumilia kwa muda mrefu, na ndio waliomlia fedha zake.

Kuhusu fedha, hapa naegemea upande wake. Hadi mwisho Baker alilalamika kwamba utangulizi wa wimbo wa Cream, White Room, ule unaohesabiwa kwa mapigo matano, ulikuwa wazo lake, na hakulipwa hata senti kama mtunzi. Kanuni za biashara ya muziki huhesabu mtunzi kuwa ni mwenye maneno na mwenye sauti ya kuimbwa. Mpiga dramu anaweza kuubadili wimbo mzima, lakini kwenye karatasi huandikwa kama mtu aliyekuja kusaidia. Wapiga dramu na tumba wa bendi zetu wanaonisikiliza sasa hivi, sina haja ya kuwafafanulia hilo.

Mwaka 2012 ilitoka filamu juu ya maisha yake. Inaanza na Baker, mzee, akimpiga mtengeneza filamu fimbo ya puani kwa sababu ameambiwa kuna wenzake watakaohojiwa. Wakahojiwa hivyo hivyo. Mwimbaji John Lydon, aliyerekodi naye, akamtetea: kazi ikitoka safi namna ile, yeye hana la kuuliza juu ya tabia.

Mimi sikubaliani na Lydon. La kuuliza lipo, na familia yake ndiyo yenye haki ya kwanza ya kuuliza. Hata hivyo, tarehe 17 Februari 2020, Clapton alikusanya wanamuziki Hammersmith, London, kumwenzi Baker. Steve Winwood alikuwepo, Roger Waters alikuwepo. Jack Bruce alikuwa ameshatangulia tangu 2014. Na kwenye dramu aliketi Kofi Baker, mwanawe, aliyekuwa ameishi naye kwa mikwaruzo miaka mingi.

White Room, hadi leo, imeandikwa kwa majina mawili: Jack Bruce na mshairi Pete Brown.