Tusiyaache Macho kwa Kisingizio cha Uzee



Tumetimiza miaka kumi ya kuweka na kukopa. Wengi tulioanza na miaka arobaini na ushee sasa tumevuka hamsini. Kwa hiyo leo, pamoja na habari za hisa na mikopo, tumeona tuseme machache juu ya macho.

Nyuma ya jicho, katikati ya retina, kuna sehemu ndogo sana iitwayo makula. Ndiyo inayotuwezesha kusoma, kutia uzi kwenye sindano na kuhesabu noti. Kwa baadhi yetu sehemu hiyo huchakaa kadiri umri unavyokwenda. Pembeni mtu anaona, ila katikati pana ukungu au doa. Anamwona mjukuu anakuja, lakini sura haipati. Huu sio mtoto wa jicho, ambao daktari huutoa kwa upasuaji.

Je, ni ugonjwa wa Wazungu? La hasha! Utafiti uliofanyika Nakuru, Kenya, mwaka 2007 na 2008 kwa watu wa miaka 50 na zaidi ulikuta dalili za mwanzo kwa watu kama 11 katika kila 100, na hatua ya mwisho kwa mmoja hivi katika kila 100.

Nani yumo hatarini zaidi? Kwanza ni mwenye umri mkubwa. Pili ni mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua. Hayo mawili hatuna la kuyafanya. Lakini yapo tunayoyaweza. Sigara ni adui mkubwa. Anayevuta aache, hata kama amevuta miaka mingi. Presha tuipime na kuidhibiti. Na chakula? Mchicha, mnafu, majani ya maboga na kiini cha yai vina virutubisho ambavyo makula huvihitaji. Hivyo tunavyo shambani na soko la Tengeru. Tusikimbilie vidonge vya vitamini bila ushauri wa daktari.

Tujipime pia. Chukua daftari la hesabu lenye miraba, vaa miwani yako ya kusomea kama unayo, funika jicho moja, tazama katikati ya ukurasa. Kisha jicho la pili. Mistari ikionekana imepinda, au mahali pamefutika, nenda upesi kliniki ya macho. Jirani zetu Moshi wana idara ya macho ya KCMC. Ipo aina ya ugonjwa huu ambapo mishipa huvuja ndani ya jicho. Hiyo ina sindano, na aliyewahi huweza kuokoa macho. Aliyesema “ni uzee tu” akangoja, kilichopotea hakirudi.

Tunapendekeza basi mfuko wetu wa jamii utenge fungu la nauli na kipimo cha macho kila mwaka kwa mwanachama aliyefikisha miaka hamsini. Akiba tumeiweka kwa jasho. Tuifaidi tukiiona.