Kibali cha Bastola Huishia Mpakani mwa Jimbo



Nimeombwa nizungumze juu ya kubeba bastola iliyofichwa mwilini hapa Marekani. Mimi si mwanasheria, wala sikuja kumshawishi mtu anunue bunduki au asinunue. Hilo kila mmoja ataamua na familia yake. Nina jambo moja tu: kibali ulichopewa na jimbo lako huishia mpakani, isipokuwa jimbo la pili limekubali kukitambua. Na kwa sisi wahamiaji, kosa la hapo halimalizwi kwa faini.

Tunachanganywa na mazoea. Kenya, kwa mfano, silaha zinaendeshwa kwa sheria moja ya nchi nzima, kuanzia Mombasa hadi Turkana. Huku nako leseni ya udereva ya Ohio inakufikisha California bila matatizo. Basi mtu anadhani kibali cha bastola ni hivyo hivyo. Sivyo. Kila jimbo linaamua lenyewe litambue kibali cha nani.

Tazameni eneo la Washington, ambako wenzetu wengi wanaishi. Virginia inatambua vibali vya majimbo mengine yote, ilimradi mwenyewe ana miaka 21 na kitambulisho chenye picha. Lakini vuka mto Potomac: Washington DC na Maryland hawatambui kibali cha Virginia wala cha jimbo lingine. Mtu anatoka Alexandria kwenda arusini Silver Spring, anakatisha katikati ya DC, bastola kiunoni. Kabla hajaonja pilau ameshavunja sheria za sehemu mbili.

Chanzo kikubwa cha ugomvi huu ni mafunzo. Maryland na Illinois wanadai saa 16. New York, kwa sheria yake ya mwaka 2022, inadai saa 16 za darasani na 2 za kulenga shabaha. Ohio ni saa 8. Pennsylvania inatoa kibali bila kudai mafunzo yoyote. Na kufikia mwaka 2024, majimbo 29 yalikuwa yanaruhusu watu kubeba bila kibali kabisa. Texas ilianza mwaka 2021, Ohio mwaka 2022.

Wanaotaka kibali kimoja kitambuliwe kote wanasema haki iliyomo ndani ya Katiba haiwezi kukoma kwenye kibao cha barabarani. Wanaopinga wanauliza: jimbo linalowakalisha watu wake darasani saa 16 limpokeeje asiyekaa hata dakika moja? Hoja zote mbili zina uzito. Mwaka 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kutambuana vibali kwa kura 231 dhidi ya 198, ukafia Seneti. Mwaka 2025 ukaletwa tena. Mahakama ya Juu nayo, katika kesi ya Bruen ya mwaka 2022, iliondoa sharti la New York la mwombaji kuonyesha sababu maalumu, lakini haikuamuru majimbo yatambuane vibali.

Wanasiasa wakibishana, anayeumia ni mwananchi. Mwaka 2013 Shaneen Allen, mama wa watoto wawili kutoka Philadelphia, alisimamishwa na polisi New Jersey kwa kosa la barabarani. Alikuwa na kibali halali cha Pennsylvania, na mwenyewe kwa hiari yake akamwambia askari kwamba ana bastola. New Jersey haitambui kibali hicho. Akakamatwa, akakaa mahabusu zaidi ya mwezi, akikabiliwa na kifungo kisichopungua miaka mitatu na nusu. Baada ya kelele nyingi za umma, mwaka 2014 akaingizwa kwenye mpango wa kumwepusha na kesi, na mwaka 2015 Gavana Chris Christie akamsamehe.

Sasa mwekeni mwenzetu mwenye grinikadi mahali pake. Sheria ya uhamiaji inasema asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha, hata la kuwa nayo au kuibeba kinyume cha sheria, anaweza kufukuzwa nchini. Miaka 20 ya kazi, nyumba na watoto waliozaliwa hapa havifuti kifungu hicho. Wenye viza za muda, kama wanafunzi, kwa kawaida hawaruhusiwi kumiliki hata risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Wasio na makaratasi hawaruhusiwi kabisa. Jimbo likitangaza kwamba kibali hakihitajiki, halijaifuta sheria hiyo ya shirikisho.

Kwa hiyo naomba tufanye haya. Kwanza, kabla ya safari soma tovuti ya serikali ya kila jimbo utakalopitia, kwa kuwa orodha za kutambuana hubadilika. Pili, ikumbuke sheria ya shirikisho ya mwaka 1986. Inakuruhusu kupita kwenye jimbo gumu ikiwa una haki ya kubeba silaha unakotoka na unakokwenda, bastola haina risasi, na imewekwa kwenye buti. Gari lisilo na buti, ifungie kwa kufuli ndani ya sanduku, si kwenye kidroo cha mbele. Hiyo ni sheria ya kupita, si ya kwenda kukaa kwa shemeji wiki nzima. Tatu, chukua mafunzo hata kama jimbo lako halidai, na umuulize mwalimu ni wapi unalazimika kumwambia polisi kwamba umebeba. Nne, asiye raia amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kununua. Na akishashtakiwa, asikiri kosa lolote kwa kuambiwa ni dogo kabla hajamwona wakili huyo.

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho. Huku wenye chongo ni wengi, na kila mmoja ana chongo la upande wake. Tuulize kabla ya kuvuka.