Tajiri, Twaomba Lori

Msikilizaji, mwenye biashara wa Garsen hatishwi na mtu. Huombwa, tena kwa adabu zote: "Tajiri, mkutano wa chama ni Jumamosi kule Hola, twaomba lori." Akishatoa lori, ataombwa dizeli. Dizeli ikishatiwa, watakumbuka maksai wa karamu, maturubai na maji ya wageni. Risiti haiandikwi. Kuna daftari tu, na mwenye daftari anajua vizuri nani katoa na nani kasema lori lake liko gereji.

Mbona asikatae? Kwa sababu anaidai serikali. Kaunti yetu ya Tana River haina viwanda vya kusemwa, na barabara yenyewe mto ukifura hukatika, kama tulivyoona Novemba 2023 na tena 2024. Mahali kama hapa, mteja mkubwa ni serikali ya kaunti. Mfanyabiashara anapewa LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, anakopa, anapeleka maharagwe au saruji, anaandika ankara, kisha anangoja. Si huku kwetu tu. Kufikia Juni 2024, kwa hesabu za Msimamizi wa Bajeti, kaunti zote za Kenya zilikuwa zikidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 180. Mtu aliyekwama humo hahitaji kuambiwa achangie chama kinachotawala. Benki inampigia simu kila mwezi. Hesabu anajipigia mwenyewe.

Wazee wanakikumbuka chama cha KANU cha miaka ya themanini, vijana wa chama wakisimama langoni mwa soko na kwenye stendi za mabasi: huna kadi, huingii, hupandi. Ule ulikuwa ubabe wa wazi, mtu angeweza kuulalamikia. Huu wa leo utaulalamikia wapi, nawe lori umelitoa kwa mkono wako?

Wala nisiwaoshe matajiri wote. Wapo wanaotoa huku wakicheka, macho kwenye tenda ijayo, na hao ndio wanaompandishia bei mwenzao asiye na shangazi ofisini.

Sheria ya michango hii ipo. Sheria ya Fedha za Kampeni ya mwaka 2013 inakataza mchango usiojulikana umetoka kwa nani, na inasema mfadhili mmoja asipite asilimia 20 ya michango yote. Bunge likaisimamisha isiguse uchaguzi wa 2017. Mwaka 2021 tume ya uchaguzi, IEBC, chini ya mwenyekiti Wafula Chebukati, ikatangaza viwango vya juu vya pesa za kampeni, shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea urais. Bunge likavifuta mwezi uo huo wa Agosti, likisema utaratibu haukufuatwa. Huenda haukufuatwa kweli. Lakini waliopiga kura kuvifuta ndio hao hao wanaopelekewa malori.

Kwa hiyo sisubiri Bunge. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, kaunti ibandike orodha ya madeni yake Hola, Minjila na Madogo: ankara ililetwa lini, ililipwa lini, na ya kwanza kuletwa ilipwe kwanza. Halafu tusome wenyewe. Tukikuta aliyetoa maksai kalipwa kwa wiki tatu, na yule wa lori la gereji yuko mwaka wa tatu anangoja, tutajua daftari la chama limekuwa likisomwa kwenye ofisi gani.