Mwanafunzi wa Chuo ni Mpangaji Wetu

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, kamati tendaji za vigango na wajumbe wa Haki na Amani



Ndugu viongozi wapendwa, tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya maisha ya vijana wanaosoma katika vyuo vilivyomo ndani ya mipaka ya parokia yetu. Aliyetuletea ombi hilo alidhani, nasi mwanzoni tulidhani, kwamba tungezungumza juu ya ulevi, mavazi, na vijana wanaoishi kinyumba bila ndoa. Hayo yapo. Mmekwisha kuyasikia mimbarini mara nyingi, pengine kupita kiasi. Leo tunaomba ruhusa yenu tuanzie mahali pengine, yaani kwenye sahani ya chakula na kwenye godoro.

Mwaka wa masomo uliopita, katika juma la mitihani, kijana mmoja alianguka kanisani wakati wa misa ya asubuhi. Akina mama wa WAWATA walimtoa nje wakampepea. Mmoja akasema ni kifafa, mwingine akasema ni mapepo, na tayari kulikuwa na mtu aliyekwenda kumwita katekista. Mama muuza uji aliye nje ya uzio wetu, ambaye si muumini wa kanisa letu, ndiye aliyemwuliza, "Mwanangu, umekula lini?" Kijana akajibu kwamba alikula jana yake mchana, na kabla ya hapo hakumbuki vizuri. Mama yule akampa kikombe cha uji na maandazi mawili, wala hakudai fedha.

Kijana huyo hakuwa mgeni kwetu. Majuma matatu kabla ya siku hiyo alikuwa amefika ofisini mchana, akasimama mlangoni. Tulikuwa tunajiandaa kwa kikao cha kamati ya ujenzi, tukamwambia aje kesho. Hakuja. Hatulisimulii jambo hili ili tuonekane wanyenyekevu. Tunalisimulia kwa sababu kikao kile kilikuwa cha kuchagua rangi ya vigae.

Wengi wenu wazee mnakumbuka enzi ambapo kijana aliyechaguliwa kwenda Mlimani alikabidhiwa kwa Serikali kama mwana anavyokabidhiwa kwa baba mdogo. Serikali ilimlipia masomo, ilimlaza na kumlisha. Waliofika huko walikuwa wachache mno, na utaratibu huo uliwezekana kwa sababu ya uchache wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaja uchangiaji wa gharama, na mzigo ukaanza kuhamia kwa mzazi. Baadaye, kuanzia mwaka 2004, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulijenga shule katika kata, na watoto wa wakulima na wavuvi wakaanza kufika kidato cha sita kwa wingi ambao hatukuuzoea. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na vyuo vingine vikafuata, vya Serikali na vya madhehebu. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini madarasa yaliongezeka haraka kuliko vitanda. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipopata mabweni mapya mwaka 2017 yenye nafasi za wanafunzi 3,840, hakikuweza kuwalaza wote. Wanaobaki nje ya mabweni wanakwenda wapi? Wanakuja kwetu. Wanapanga kwenye nyumba zetu.

Natufanye hesabu ndogo, kwa kuwa maneno matupu hayalishi mtu. Mwanafunzi aliyepata mkopo kamili hupewa fedha za kujikimu, zile wanazoziita bumu. Miaka ya karibuni fedha hizo zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku, nazo hutolewa kwa mafungu. Fungu la siku 60 ni shilingi 600,000. Mtu akizitazama kwa mara moja huona ni fedha nyingi, na baadhi ya wazazi husema mtoto wao anakula raha. Sasa tuchukue chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo: 300,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja: 50,000. Zimebaki shilingi 250,000 kwa siku 60, yaani elfu nne na kitu kwa siku, na humo mna chakula, nauli, sabuni, maji, kurudufu maandiko, na kwa binti mna taulo zake za kila mwezi. Hapo tumemsema aliyepata mkopo wote. Yuko aliyepata nusu, na yuko aliyekosa kabisa kwa sababu fomu yake ilikosa sahihi moja.

Liko pia jambo ambalo watu wa mjini hawalifahamu. Vijana wengi hukata sehemu ya fedha hizo wakazituma nyumbani. Mdogo wake amerudishwa shule kwa kukosa viatu, au bibi yake anaumwa. Kijijini wanajua kwamba "mtoto wetu yuko chuo," basi wanapiga simu. Kijana anatuma elfu thelathini, na kwa siku kumi anakunywa chai na chapati moja. Mtu wa namna hii tukimwona amedhoofu tunamwambia awe na nidhamu ya fedha! Wako wanaotumbukiza bumu kwenye kubeti, ni kweli, na wako wanaokwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu wakaweka rehani simu na hata vyeti. Hatuwatetei. Ila tumesikiliza wengi wao katika kitubio na nje ya kitubio, na lile la nje ya kitubio tunaweza kulisema: aghalabu mkeka wa kwanza ulichanwa na mtu mwenye njaa aliyetaka kulipa kodi.

Hapa ndipo tunapoingia kwenye ukumbi huu. Ndugu zetu, wenye nyumba wamo humu. Wamo wanaodai kodi ya mwaka mzima, wamo waliobadili banda la kuku likawa chumba, dirisha moja, vijana watatu. Yupo aliyemtolea binti vyombo nje siku mbili kabla ya mtihani, na Jumapili iliyofuata akasoma somo la kwanza. Tumekwisha kuzungumza naye faraghani, kwa hiyo hatutamtaja. Nyumba ni yako, kodi ni haki yako, na Kanisa halijapata kufundisha kwamba mwenye nyumba ale hewa. Lakini kukubali kodi ya mwezi kwa mwezi, au kusubiri hadi fungu la Bodi lifike, hakumfilisi mtu. Mzee mmoja wa kigango cha jirani amefanya hivyo kwa miaka saba, na anatuambia kwamba amedhulumiwa mara mbili tu.

Chumba kilichosongamana ni suala la afya pia. Kifua kikuu hupita hewani, na hupenda mahali penye watu wengi na hewa kidogo. Kijana akikohoa zaidi ya majuma mawili, akakonda na kutokwa jasho usiku, asiachwe anunue dawa za kikohozi dukani. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya afya vya Serikali, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Anayekatiza dawa kwa sababu hana chakula cha kuzimezea anajidhuru mwenyewe na wenzake wa chumbani. Jumuiya inayomhakikishia mgonjwa huyo mlo mmoja wa uhakika kwa siku inatibu zaidi ya mtu mmoja.

Kuhusu bima, kwa miaka mingi mchango wa mwanafunzi katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Wengi hulipa, kisha kadi ikachelewa. Anayeugua malaria kabla ya kadi kufika huwa mgonjwa asiye na bima ambaye amekwisha kuilipia. Wajumbe wa Haki na Amani wana wajibu wa kufuatilia jambo hili kwa mlezi wa wanafunzi, kwa barua yenye tarehe, si kwa kulalamika kibarazani.

Sasa tuseme lililo gumu zaidi. Katika miaka ya utume wetu tumewazika wanafunzi wawili waliojitoa uhai. Hatutasimulia habari zao. Familia zao bado zinasali nasi. Tutasema tu kwamba mmoja alikuwa ameondolewa chuoni kwa kufeli, amedisko kama wasemavyo, akakaa miezi miwili mjini akijifanya bado anasoma, kwa kuwa hakuthubutu kumwambia baba yake aliyekwisha kuuza shamba. Kila asubuhi alibeba begi. Sote tulimwona akipita.

Wako wanaouliza kama marehemu wa namna hiyo anaweza kuzikwa kikanisa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi hayo wale waliojiua kwa kusudi. Ile ya mwaka 1983 haiwataji tena miongoni mwa wanaonyimwa, kwa kuwa Kanisa limetambua jinsi ugonjwa wa roho na akili unavyoweza kumfunga mtu. Kwa upande mwingine, Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, katika kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Matokeo yake, aliyenusurika huogopa hospitali kama anavyoogopa polisi. Kwa hiyo kijana akikuambia, "Nimechoka kuishi," usimpe hotuba juu ya jehanamu. Kaa naye. Mwulize waziwazi kama amefikiri kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake usiku huo, ondoa sumu na dawa chumbani, na asubuhi mfuatane kwa daktari.

Mabinti wanabeba zaidi. Mwalimu anayedai mwili wa mwanafunzi ili ampe alama anatenda kosa la rushwa, chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Si "mambo ya vijana," wala si suala la kusuluhishwa na wazee wa kanisa kwa soda. Binti akija kwako, usianze kwa kumwuliza alivaa nini. Mwandikie maelezo yake yote, hifadhini ujumbe wa simu, mfuatane TAKUKURU. Kama mwalimu huyo ni mwanakwaya wetu, bado mfuatane.

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika hati yake ya mwaka 1990 juu ya vyuo vikuu katoliki, alieleza kwamba kuwajali maskini na walioonewa kuanzie ndani ya jumuiya ya chuo yenyewe. Chuo chetu hakina uzio. Kinaishia sebuleni mwenu.

Kwa hiyo tumekubaliana na kamati tendaji mambo haya. Ukumbi wa parokia, wenye vigae vile, utafunguliwa kwa kujisomea hadi saa nne usiku kuanzia Jumatatu, na umeme utalipwa na mfuko wa parokia. Kila jumuiya yenye wanafunzi itaandika majina na vyumba vyao, si kwa ajili ya kuwadai zaka, bali ili ijulikane asiyeonekana siku tatu. Wenye nyumba tutakutana Jumamosi baada ya misa ya kwanza. Mama wa uji ameombwa awe na daftari; parokia italipa kila mwisho wa mwezi, na majina ya wanaokunywa hayatasomwa kanisani. Bado tunahitaji mtu mmoja wa kushika ufunguo wa ukumbi, asiyelala mapema.